Maumivu ya Goti la Mtoto Yasipuuzwe

Mwanafunzi anayechechemea na kulalamika kwamba goti linamwuma usiku mara nyingi hupewa majibu mawili. Nyumbani huambiwa kuwa anakua. Shuleni huambiwa kuwa anakwepa mchakamchaka. Majibu yote mawili yaweza kuwa ya makosa, na anayeumia kwa makosa hayo ni mtoto mwenyewe.

Zipo aina za uvimbe wa mfupa ambazo si saratani, lakini hutesa. Mojawapo ni osteoidi osteoma, ambayo Dakta Henry Jaffe wa New York aliieleza mwaka 1935. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2. Huwapata zaidi vijana, na mara nyingi hukaa katika mfupa wa paja au wa muundi, yaani mifupa inayokutana gotini. Dalili yake kuu ni maumivu yanayozidi usiku na kutulia kwa aspirini au dawa za jamii yake.

Zamani tiba ilikuwa kisu. Kwa kuwa kiini ni kidogo, daktari alilazimika kuondoa kipande kikubwa cha mfupa ili asikikose. Mgonjwa alibaki na magongo kwa wiki nyingi, na mfupa uliodhoofishwa uliweza kuvunjika. Karibu na goti hatari ilizidi, maana hapo pana gegedu na sehemu ambayo mfupa wa mtoto hukulia.

Mwaka 1992 Dakta Daniel Rosenthal na wenzake wa Boston, Marekani, walitangaza njia nyingine. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ganzi, mashine ya CT huonyesha kiini kilipo, na sindano hupenyezwa mpaka ndani yake. Ncha ya sindano hupashwa joto kwa umeme wa mawimbi ya redio hadi kufikia nyuzijoto 90 za Selsiasi, kwa dakika zipatazo 6. Kiini hufa, na jeraha linalobaki ni tundu dogo tu. Wengi hutembea siku hiyo hiyo au siku ya pili, na kiasi cha wagonjwa 9 katika kila 10 hupona kwa tiba ya mara moja.

Hatusemi kwamba sindano hiyo ni dawa ya kila uvimbe. Upo uvimbe mwingine, wa seli kubwa, ambao nao hupenda goti, na huo kwa kawaida huhitaji kukwanguliwa kwa upasuaji. Tena saratani halisi ya mfupa huwashambulia vijana wa umri huo huo, mahali hapo hapo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuutambua ugonjwa mapema.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu. Sindano ya dakika 6 haimfai mtoto aliyezungushwa miaka 2 kwa kuchuliwa, kuchanjwa chale na kumezeshwa vidonge vya dukani. Mwalimu akimwona mwanafunzi anachechemea wiki baada ya wiki, amwite mzazi na kumwelekeza zahanati. Mganga wa zahanati asione haya kuandika barua ya rufaa ili mtoto apigwe eksirei. Mtumishi anayeipokea barua hiyo asiiache ilale mezani.

Serikali imefikisha mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa. Hatua hiyo inastahili pongezi, lakini mashine isiyo na mtaalamu ni chuma tu. Hatuna budi kuitaka Wizara ya Afya iwafundishe kwa wingi wataalamu wa mionzi na wa mifupa, ili mtoto wa mkulima wa Kibondo atibiwe sawa na mtoto wa mtumishi wa Dar es Salaam.

Vita dhidi ya ujinga na vita dhidi ya maradhi ni vita moja. Mtoto asiyelala usiku kwa maumivu hawezi kusoma mchana, na mwalimu anayeuliza sababu ya kuchechemea kwake amekwisha kuianza tiba.