Arubaini na Macho ya Mtoto



Tulipokuwa Adu juma lililopita tulijiwa na mama mmoja mtu mzima. Mjukuu wake amezaliwa wa miezi saba, kilo moja na robo, na hospitali imeagiza arudishwe wiki ya nne akapimwe macho. "Sheikh, mkaza mwanangu hajatoka arubaini," akasema, "na macho ya mtoto ni mazima, yang'aa. Si tungoje?"

Tukamjibu: msingoje, mama.

Arubaini tuliyoirithi kwa wazee ina hekima yake, maana mzazi ahitaji kupumzika. Lakini hukumu za nifasi zahusu sala, saumu na unyumba. Hazikumfungia mzazi mlango. Mbona akishikwa na homa twamtoa? Tena katika madhehebu yetu ya Shafii nifasi huweza kukoma mapema, na huweza kufika siku 60.

Ama jicho, mambo yake ni haya. Nyuma ya jicho pana utando uitwao retina, na mishipa yake ya damu hukamilika mimba inapokaribia kutimia. Mtoto akizaliwa kabla, mishipa haijafika mwisho. Baadaye huweza kumea ovyo, ikauvuta utando hata ukabanduka, naye akapofuka. Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo moja na nusu, hasa wakipewa oksijeni kupita kiasi, wakipatwa na maambukizi, au wakichelewa kuongeza uzito. Oksijeni yenyewe msiichukie. Ndiyo iliyowaokoa wengi. Stevie Wonder, yule mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa 1950, alipofuka kwa ugonjwa huu.

Kwa nje hapana dalili mapema. Daktari hutia matone ya kupanua mboni, akatazama ndani kwa taa na lenzi. Mtoto hulia kidogo, kisha hunyamaza. Ugonjwa ukiwa mkali hutibiwa kwa miale ya leza au kwa sindano ya dawa, na hutakiwa iwe ndani ya siku 2 au 3. Sasa mwenye kungoja arubaini itimie atafika lini? Na akionekana mzima mara ya kwanza, bado hurudishwa kila atakapoambiwa, mpaka mishipa ikamilike.

Baba wa mtoto alikuwa amekaa kando, kimya. Tulimwambia kwamba nauli ni juu yake, kwani ni katika matumizi ya mwanawe.

Yule mama akajitanda leso yake, akauliza gari la Malindi la alfajiri lapita saa ngapi.