Furahidei ya vyuoni: Ni nani anayempokea mtoto wako?

Kila ifikapo Oktoba na Novemba, vituo vya mabasi vya Dar es Salaam, Morogoro, Mwanza na Arusha hupokea vijana wenye mabegi mapya na barua za udahili mikononi. Miongoni mwao wamo watoto wetu kutoka Tandahimba, Kondoa, Ujiji na Pangani. Mzazi mmoja ameuza korosho za msimu mzima, mwingine ng'ombe, mwingine kiwanja alichorithi kwa baba yake, ili ada ya chuo kikuu binafsi ipatikane. Kijana amesomewa dua, ameusiwa swala, amepanda basi. Ndugu zangu Waislamu, akishuka upande wa pili, ni nani anayempokea?

Anapokewa na bango. Kabla hajajua maktaba iko wapi, ameshakutana na tangazo la pati ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, itakayofanyika usiku wa Ijumaa. Wazee wetu wakisema "usiku wa Ijumaa" walikusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, usiku wa kumswalia Mtume (s.a.w.). Vijana wa leo wakitamka maneno hayohayo wanakusudia usiku unaofuata, ambao mji umeuita Furahidei, na ambao vyuoni hauishi mpaka Jumapili jioni.

Lisomeni bango hilo kwa utulivu. Wavulana wanatozwa kiingilio. Wasichana wanaingia bure, mradi wafike mapema. Ni ukarimu gani huu? Mfanyabiashara hagawi bure ila kile kinachomletea wateja. Mwenye ukumbi anajua kwamba pasipo mabinti hakuna mvulana atakayelipa, na pasipo wavulana bia hazitauzika. Basi binti yako uliyemlea kwa stara miaka kumi na tisa ameingizwa katika hesabu za biashara ya mtu akiwa chambo, na mwenyewe anadhani amependelewa. Allah (S.W.) katika Surat Al-Israa, aya ya 32, hakuishia kuharamisha zinaa, ametukataza hata kuikaribia. Sijui ukaribu gani unaozidi ule wa giza, pombe, muziki na mchanganyiko wa wasiokuwa maharimu mpaka alfajiri.

Biashara hii ina kalenda yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, huwakopesha hata wanafunzi wa vyuo binafsi. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wanaziita "bumu", zilipandishwa kufikia shilingi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Lakini haziji siku kwa siku, zinakuja kwa mkupuo. Zikiwa za siku 60, kijana ambaye hajapata kushika shilingi 50,000 zake mwenyewe anaamka na 600,000. Wenye kumbi wanaijua wiki hiyo kuliko wahadhiri wanavyoijua. Baada ya Furahidei mbili tatu utamkuta anakopa unga kwa mwenzake. Anasahau pia kwamba ule ni mkopo: akipata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, na ndani ya makato hayo zimo bia alizowanunulia watu ambao hata majina yao hayakumbuki.

Wanafunzi wenyewe wana msamiati wao, na wakati mwingine msamiati unasema kweli kuliko khutba. Aliyeondolewa chuoni kwa kufeli wanasema "amedisko". Neno limetokana na lugha ya ofisi za chuo, halina uhusiano na muziki. Lakini nimewahi kukaa na kijana aliyedisko mwaka wa pili, akaniambia kwa tabasamu la aibu kwamba kwake yeye maneno hayo mawili ni neno moja.

Mwaka mmoja nilialikwa na wanafunzi wa Kiislamu wa chuo kimoja binafsi nitoe darsa Jumamosi baada ya Isha. Walikuja vijana tisa. Ng'ambo ya barabara spika zilikuwa zikitikisa vioo vya msikiti. Nilipomaliza, binti mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa amekaa upande wa akina dada alituma karatasi. Aliandika kwamba mwaka wa kwanza alikwenda kwenye pati ile ya ukaribisho, wala si kwa kupenda muziki. Alikuwa na siku nne chuoni, hajui mtu, na waliomgongea mlango na kumwambia "twende" walikuwa watu wa kwanza kumwita kwa jina lake. Sisi, aliandika, tulimfikia muhula wa pili, tukiwa na karatasi ya mavazi yanayofaa.

Karatasi ile nimekaa nayo muda mrefu. Tumezoea kusema vijana wanapenda maasi. Wapo wanaoyapenda. Lakini wengi wameyakuta yakiwa na uso wa mwenyeji, na sisi tukiwa na uso wa askari.

Kumbukeni Madina. Muhajirina walifika hawana nyumba wala mali, na Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu na Answari, mtu na mtu. Abdur-Rahman bin Awf alipewa Saad bin Rabii, naye Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdur-Rahman akamwombea dua, akaomba aonyeshwe soko. Mgeni anayepokelewa hivyo haangaiki kutafuta mlango wa kugonga usiku.

Sisi Answari wa leo tunafanya nini? Vyuo vingi binafsi havina mabweni ya kutosha, kwa hiyo vijana hupanga vyumba mitaani, wanavyoviita "geto". Nyingi za nyumba hizo ni za Waislamu. Ninazijua nyumba ambazo mwenyewe anaitwa Alhaji, vyumba vya nyuma wanakaa wanafunzi, na fremu ya mbele amempangisha mtu wa grosari. Kodi ya pombe anaipokea, kisha Ijumaa anakaa safu ya kwanza akisikitikia maadili ya vijana. Na binti aliyejifunza kucheza mbele za watu, mara ngapi alijifunzia kwenye kitchen party ya shangazi yake, au kwenye rusha roho iliyopigwa uani kwetu mpaka saa nane usiku? Chuo kimemkuta tayari anajua nyimbo.

Wako ndugu zetu wanaosema dawa ni kutowapeleka mabinti vyuoni. Mimi siafikiani nao. Haohao wake zao wakifikishwa wodi ya wazazi huuliza kwa ukali kwa nini hakuna daktari mwanamke. Wengine wanasema tujenge vyuo vyetu. Kauli hiyo ina uzito, na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, ni neema ya kushukuriwa. Lakini nacho hakiwezi kuwameza watoto wote wa umma huu, na uzio wa chuo cha Kiislamu haumfuati mwanafunzi anapokwenda mjini Jumamosi.

Kinachowezekana mwaka huu, bila harambee kubwa, ni kwa kila msikiti ulio jirani na chuo kupata orodha ya wanaokuja kutoka misikiti ya mikoani, kuwapokea kituoni, kuwatafutia geto lisilopakana na grosari, na kuwagawa kwa familia: huyu mtoto wa fulani, chakula cha Ijumaa usiku ni nyumbani kwa fulani. Akina dada wapokewe na akina mama. Pawe na mahali pa kukaa Jumamosi penye mazungumzo, mpira na chai, si darsa la saa tatu mfululizo juu ya adhabu za kaburi.

Niliyasema haya kwa kamati ya msikiti mmoja ulio mita mia mbili tu kutoka lango la chuo. Walinisikiliza kwa adabu. Mweka hazina akauliza chakula hicho kitagharimu kiasi gani, na kabla sijajibu, mama mmoja aliyekuwa akisubiri nje kulipa ada ya madrasa ya mjukuu wake akasema kupitia dirishani kwamba yeye ana nafasi ya mabinti wawili, waje tu, Ijumaa hupika wali.