Mabogini, tuanzie kwenye ramani ya mifereji

Na Aikaeli Mrema

Mji wa Moshi ulizaliwa na uamuzi wa reli. Boma la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi, kwenye himaya ya Mangi Meli. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikomea huku tambarare, na mji ukaota stesheni ilipo, ukachukua hata jina la kule juu. Kahawa ya mlimani ikawa inashushwa hapa na kupakiwa kwenda bandarini. Walioamua reli iishie wapi waliwaamulia pia wajukuu na vitukuu wetu mahali pa kuishi.

Mabogini, huku kwenye majaruba ya mpunga chini ya mji, nayo ina uamuzi ulioiumba sura yake. Miaka ya 1980, kwa mkopo wa Japani, serikali ilijenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ikakamilika mwaka 1987. Hekta 2,300 zilipangwa, 1,100 kati yake za mpunga, kwa maji ya mito Njoro na Rau. Mavuno yakapanda mno, kiasi kwamba wakulima wa juu ya banio nao wakaingia kwenye mpunga na maji yakaanza kupungua huku chini. Ugomvi wa zamu za maji umedumu tangu hapo.

Sasa kuna jambo jipya, mashamba kukatwa viwanja, na linanitia hofu kuliko ukame. Pita kandokando ya majaruba utaona bikoni imesimikwa kwenye tope, na hatua chache mbele lori linamwaga kifusi juu ya mfereji wa tawi. Mwenye kiwanja analaza bomba jembamba chini ya geti lake, anaona amemaliza. Masika maji yakishuka kutoka mlimani hayapiti kwenye bomba lile, yanaingia sebuleni kwa jirani. Kiangazi mwenye jaruba la mwisho anakaa na jembe begani akisubiri maji yaliyozibwa kule juu.

Simlaumu anayenunua. Mji umejaa, na kijana anayetaka kujenga atakwenda penye bei anayoimudu. Lawama yangu ni kwa walioko mezani, pale mauziano yanapogongwa muhuri bila mtu kuuliza mfereji unapita wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti kubwa kuhusu ardhi, na mkutano huo hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Lakini ajenda za ardhi hupitishwa jioni, watu wakiwa wamechoka na wengine wameshaondoka.

Ndugu zangu wa Mabogini, Chekereni na Rau ya Kati, mkutano ujao fikeni mapema. Mwombeni mtendaji abandike ukutani ramani ya mifereji kabla ya kiwanja chochote kujadiliwa, na wazee wa zamu za maji waonyeshe kila tawi lilipo. Kiwanja kinachokaa juu ya mfereji kisipitishwe.