Cha ndani kikitegemewa si cha ndani tena

Wadau, kuna jibu linanichosha. Toleo jipya la lugha linatoka, programu ya mtu inagoma, analalamika, halafu anaambiwa: "Hicho kilikuwa cha ndani. Nani alikutuma ukiguse?"

Tuchukue Python, maana ndiyo inayowapa wengi wetu hapa Nairobi ugali. Maktaba zake nyingi zina sehemu zilizoandikwa kwa C, na sehemu hizo hushika matumbo ya lugha yenyewe. Mwaka 2022 toleo la 3.11 lilificha muundo wa PyFrameObject. Cython, greenlet na gevent zikabidi zirekebishwe. Sibishi sababu: kwa vipimo vyao, kasi iliongezeka kwa wastani wa asilimia 25. Nabisha utaratibu.

Ofisi ya watu watatu pale Kimathi Street au Westlands haina fundi wa C. Maktaba ikikosa faili iliyotayarishwa kwa toleo jipya, pip hujaribu kuijenga papo hapo kutoka kwenye msimbo. Kompaila haipo, au ipo na msimbo unagoma. Siku imeisha, mteja anapiga simu. Basi ofisi inabaki na toleo la zamani. Lakini 3.8 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2024! Nani anabeba hatari hiyo? Si waliofuta.

Mwaka 2023, wakiandaa 3.13, walifuta kwa mkupuo funksheni nyingi zinazoanza na _Py. Kelele zikapigwa, kadhaa zikarudishwa kabla toleo halijatoka. Kama kweli zilikuwa za ndani tu, mbona zilirudishwa?

Dawa inajulikana: mlango kwanza, kuziba dirisha baadaye. Toa funksheni rasmi ya kazi ileile, onya kwa matoleo mawili, ndipo ufute. Kiolesura imara cha PEP 384 kipo tangu Python 3.2 ya mwaka 2011. Maktaba ya cryptography hukitumia, na faili yake moja hufanya kazi kwenye matoleo mengi. Ipo pia pythoncapi-compat, inayoziba mapengo kati ya matoleo. Kwa hiyo inawezekana.

Nanyi mnaoandika maktaba, msidhani mmepona. Mlango ukishafunguliwa, anayeendelea kupita dirishani asije kulia hapa.

Maoni yenu?