Kompyuta za Mitumba na Draiva Zinazokosekana



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini, nalo limewapotezea fedha watu wasiokuwa na fedha za kupoteza. Baba ameuza mpunga wake wa Mbarali, au mama ameweka akiba ya viazi vya Uyole, wakamnunulia mtoto wao kompyuta mpakato iliyokwisha tumika Ulaya au Dubai. Kompyuta ile imepanda barabara ya TANZAM kutoka Dar es Salaam, imepita Kitonga, imefika Iringa au Mbeya. Mtoto ameshauriwa atie ndani yake mfumo endeshi wa Linux, kwa kuwa ni wa bure na wa wazi. Ameutia. Mashine yawaka vizuri, kioo chaonekana, lakini mtandao haupatikani, au sauti haitoki, au printa imenyamaza kama jiwe. Hupelekwa kwa fundi, naye fundi huitazama dakika mbili kisha husema, "Kadi imekufa."

Nasi twasema kwamba mara nyingi kadi haikufa. Imekosa mkalimani tu.

Kabla ya kueleza maana ya neno hilo, yafaa tujue kwa nini shida hii imezidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Ama Windows 11, hiyo yadai prosesa ya miaka ya karibuni na kitunza-siri kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani kabla ya 2018 hazitimizi masharti hayo. Basi mwenye mashine kukuu ana njia chache. Wako wanaonunua nakala iliyovunjwa kufuli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yakataza jambo hilo, na mzazi Mwislamu hakuhitaji kuingoja sheria hiyo ndipo ajue hukumu ya mali ya mtu iliyochukuliwa bila ridhaa yake. Isitoshe, aliyeivunja kufuli huweza kuacha ndani ya nyumba kitu chake mwenyewe. Njia ya Linux ni ya halali, ni nyepesi kwa mashine ya zamani, na haina ada. Lakini ina mlango wake mgumu, na mlango huo ndio draiva.

Kila kifaa kilichomo ndani ya kompyuta, iwe kadi ya waifai, kadi ya picha au ya sauti, kina lugha yake. Mfumo endeshi haujui lugha hizo zote kwa asili. Wahitaji programu ndogo ya kusimama katikati na kufasiri. Hiyo ndiyo draiva. Tena viko vifaa ambavyo havitosheki na mkalimani peke yake, ila kila vinapowashwa vyataka kwanza vinyweshwe programu yao ya ndani, ambayo mafundi huiita femuwea. Draiva ikiwepo na femuwea isiwepo, kifaa hulala vile vile, na mtu asiyejua tofauti hiyo atahangaika siku tatu akitafuta draiva ambayo anayo tayari.

Na kwa nini zikosekane? Kwa kuwa wako watengenezaji waliotoa maelezo ya vifaa vyao ili kila mtu aweze kuandika draiva, na wako walioyaficha. Ugomvi huu si wa jana. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, mtunga programu Richard Stallman alisumbuliwa na printa ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama, na watu waliokaa mbali nayo hawakupata habari. Printa ya kwanza aliweza kuitengenezea programu ya kuwaarifu. Hii mpya ililetwa bila maandishi ya asili ya programu yake, na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo alikataa kumpa, kwani alikwisha toa ahadi ya kuficha. Mwaka 1983 Stallman akatangaza kazi aliyoiita GNU, ya kutunga mfumo wa wazi kwa watu wote. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux, na kazi hizo mbili zikaungana. Basi mfumo huu ulizaliwa kwa sababu ya draiva ya printa, na kijana wa Mafinga anayesumbuka na printa leo hayuko mbali na chanzo chake.

Wala Ufini si nchi ngeni kwa watu wa Iringa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini pale Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza kusomesha shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari kikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini. Walimu wale waliandika kwamba masomo ya kompyuta yatungwe kwa kuitazama hali ya mahali penyewe, yasinakiliwe tu kutoka kwa nchi nyingine. Nasi twaona walisema kweli. Vitabu vya kigeni husema, "Ikiwa draiva haipo, ipakue mtandaoni." Yule ambaye kifaa chake kisichofanya kazi ndicho hicho cha mtandao, aipakue kwa nini?

Basi tuanze. Usifute kitu chochote kwanza. Mifumo kama Ubuntu huweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kuigusa diski. Ukurasa wa mwanzo hukupa nafasi ya kujaribu kabla ya kusakinisha. Jaribu hapo waifai, sauti, kamera, mwangaza wa kioo, kisha ifunge mashine ilale na uifungue uone kama yaamka. Saa moja ya jaribio hili itakuonyesha karibu yote utakayokutana nayo, na Windows yako ingali mahali pake. Tena iwe na betri yenye chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati ya kusakinisha huna mfumo wa kale wala mpya.

Ukiona kifaa kimelala, kiulize jina lake. Watu wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Jina lililobandikwa juu ya mfuniko, HP au Dell, halitoshi, kwa sababu mashine mbili za jina moja huweza kuwa na kadi mbalimbali ndani. Fungua dirisha la amri, andika lspci -nnk, na kwa vifaa vilivyochomekwa kwa USB andika lsusb. Utaona kila kifaa kina nambari mbili zilizotengwa kwa nukta pacha. Ya kwanza ni ya kampuni: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Ya pili ni ya kifaa chenyewe. Chini yake tafuta mstari unaotaja draiva inayotumika; usipokuwepo, mkalimani hayupo. Ukiwepo na kifaa bado kimelala, andika sudo dmesg utafute neno firmware, na huenda ukaona jina kamili la faili lililokosekana. Nakili nambari hizo katika karatasi. Fundi wa kweli atazitaka, na mganga wa kubahatisha atashangaa kuziona.

Kadi za Intel huwa hazina matata. Broadcom ndizo zilizowatesa watu wengi. Ile ya 14e4:4365, iliyotiwa katika mashine nyingi za miaka ya 2012 hadi 2015, yahitaji draiva ya kampuni yenyewe, ambayo Ubuntu huiita bcmwl-kernel-source na Debian huiita broadcom-sta-dkms. Debian zamani ilikataa kabisa kuweka femuwea zisizo wazi katika kisakinishi chake rasmi. Baada ya kura ya mwaka 2022, toleo la 12 lililotoka Juni 2023 likaziweka. Kwa hiyo mwenye flashi ya toleo la zamani na atengeneze mpya kabla ya kuilaumu kadi yake.

Ya Realtek yako mengi, nasi twataja moja kwa kuwa tumeliona Mbeya. Kijana mmoja alikuwa akijaza maombi yake ya mkopo wa elimu ya juu, na siku za kufunga dirisha zilikuwa zimekaribia. Kompyuta yake ya HP iliuona mtandao alipokaa hatua mbili tu kutoka kwenye mtambo wa waifai. Akirudi nyuma kidogo, mtandao wapotea. Akaambiwa kadi imechoka, anunue nyingine. Nambari yake ilikuwa 10ec:b723. Kadi hiyo ina mahali pawili pa kuchomeka antena, na katika baadhi ya mashine za HP kiwanda kiliunga waya mmoja tu, hali draiva husikiliza pale pasipo na waya. Dawa yake ni mstari mmoja, options rtl8723be ant_sel=2, ulioandikwa katika faili rtl8723be.conf ndani ya /etc/modprobe.d, kisha mashine izimwe na kuwashwa. Na mbili isipofaa, iandikwe moja. Haikununuliwa kadi yoyote. Maombi yakaenda.

Sasa swali la kupakua bila mtandao. Jibu limo mfukoni: chukua simu, iunge na kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha katika mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu hiyo kama waya wa mtandao, bila kuhitaji draiva nyingine. Lakini angalia bando lako. Pakua draiva unayoitaka tu. Ukiulizwa kama mfumo mzima usasishwe, kataa mpaka ufike penye waifai. Na kabla ya yote hayo andika rfkill list, maana tumeona kadi nzima iliyofungwa kwa kitufe cha ndege kilichobonyezwa bila kujua, na siku mbili zikapotea.

Liko jambo la kufuli la Secure Boot. Mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya 2012 hukataa draiva isiyotiwa sahihi. Ubuntu ikitia draiva ya namna hiyo hukutaka utunge neno la siri. Ukiwasha tena, hutokea ukurasa wa buluu wenye maneno Enroll MOK. Vijana kwa haraka huupita, draiva ikakataliwa, wakarudia kazi mara kumi. Usiupite, chagua maneno hayo, andika neno lile lile la siri, basi. Ama kioo kikiwa cheusi tangu mwanzo, hasa penye kadi ya NVIDIA, bonyeza e katika orodha ya kuwashia, ongeza neno nomodeset mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Hilo ni gongo la kutembelea tu mpaka utie draiva yenyewe.

Kwa wenye steshenari, printa ndiyo riziki, basi msibadilishe mfumo siku ya kazi. HP LaserJet P1102 yahitaji nyongeza inayoletwa kwa amri ya hp-plugin. LaserJet 1020 husahau femuwea yake kila inapozimwa, hivyo hulishwa upya kila inapowashwa. Canon LBP2900 ina lugha yake ya CAPT, na kwa Linux ni msumbufu. Sisi hatumshauri mwenye duka aitegemee. Printa za wino za Epson aina ya L kwa kawaida hukubali bila ugomvi.

Tena, enyi vijana, jihadharini na amri zinazonakiliwa kwa watu msiowajua. Neno sudo likitangulia, umemkabidhi mwandishi wa amri hiyo funguo za nyumba nzima. Usiandike amri usiyoweza kumweleza mdogo wako inafanya nini. Mkikwama, wako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga, na wenzao wa Iringa, ambao wengi wao wameyapitia haya; waendeeni na ile karatasi yenye nambari.

Na wazazi wanaokwenda kununua, twawashauri wamchukue kijana pamoja na flashi yake mpaka dukani, iwe Mwanjelwa au Mashine Tatu. Mashine iwashwe kwa flashi hiyo mbele ya muuzaji kabla ya fedha kutoka mfukoni, itazamwe waifai, isikilizwe sauti, isomwe nambari ya kadi. Muuzaji akikataa, duka la pili haliko mbali.