Shauri Likirudi, Lisikilizwe na Mwingine

Mkulima wa Kibaoni, Mkoani Katavi, anapokata rufaa hadi Mahakama Kuu, hashiki njia kwa kupenda matembezi. Huuza mpunga wake apate nauli, kwa kuwa anaamini kwamba juu ya hakimu mmoja ipo mahakama nyingine. Imani hiyo hutiwa katika mizani pale rufaa inapokubaliwa, hukumu ikatenguliwa, na shauri likaamriwa kuanza upya. Je, lirudi kwa nani?

Jibu lililozoeleka nchini ni la busara: mara nyingi mahakama ya rufaa huelekeza kwamba shauri lipewe hakimu au jaji mwingine, liwe la shamba au la hataza ya uvumbuzi. Huko Marekani, Mahakama ya Rufaa iliyopo Chicago imeufanya utaratibu huo kuwa kanuni, isipokuwa yenyewe ielekeze vinginevyo au wadaawa wote waombe jaji wa awali.

Yafaa ieleweke kwamba hakimu hadhalilishwi kwa amri hiyo. Aliyekwisha kuwapima mashahidi na kutamka nani mkweli, ni vigumu kuufuta uamuzi huo moyoni, hata akitaka. Wala mdaawa hapewi ruhusa ya kujichagulia hakimu. Kadhalika, katika shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba kesi ya jinai isirudiwe ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake.

Somo hili haliishii mahakamani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inataja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa, mbele ya mahakama na vyombo vinginevyo. Mwalimu aliyefukuzwa kazi, rufaa yake ikakubaliwa na shauri lake la nidhamu likaamriwa kuanza upya, atasadiki nini akiwakuta mezani watu wale wale waliomfukuza?

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi. Mtendaji anayeng'ang'ania faili lililotenguliwa mikononi mwake hana budi kujipima kwa kipimo hicho. Mamlaka za nidhamu ziteue wajumbe wengine, tena bila kuchelewa, kwani mwananchi aliyeshinda rufaa hapaswi kuanza safari yake mlangoni pale pale alipofungiwa.