Mnamcheka Mwenye Bomba, Wa Kuulizwa ni Mwenye Nyumba

Wiki hii mtandaoni kumepatikana kichekesho kipya. Mchekeshaji mmoja chipukizi, yule aliyetamba miezi kadhaa nyuma kwamba kahama uswazi na sasa anakaa ghorofani pande za Sinza, katupia video ya geto lake saa nane mchana. Ndani kuna feni mbili, maboksi yaliyokatwa kwa kisu, bomba la plastiki la inchi 4 kama yale ya majitaka, na soltepu ya kutosha kufungia mzigo wa Kariakoo. Bomba linaanzia chini kwenye ngazi, linapita juu ya mlango, linaishia nyuma ya feni iliyovalishwa boksi. Lengo lake ni kuvuta hewa ya chini, ambayo ina nafuu, aipandishe juu kwake.

Watu hawakumwacha. Wapo waliouliza kama anapika gongo humo ndani. Wapo waliosema chumba kimelazwa wodini kinawekewa dripu. Halafu mwanadada mmoja wa Bongo Fleva, mwenye wafuasi wa kumwaga, akaiposti upya akikejeli kwamba shida ikizidi mtu anageuka injinia. Kuanzia hapo jamaa akawa meme ya taifa.

Sasa kuna jambo la kuchekesha zaidi. Shuka kwenye ukurasa wa huyo huyo mwanadada, utakuta picha zake za Dubai, kaegemea ukuta mtaa wa kale wa Al Fahidi, nyuma yake mnara wenye matundu marefu juu. Watu wengi huupiga picha bila kuuliza kazi yake. Ule mnara unaitwa barjeel. Kabla umeme haujafika kule, matajiri wa Ghuba waliujenga juu ya paa ili udake upepo wa juu na kuushusha chumbani, huku hewa ya moto ikipata pa kutokea. Kwa maneno mengine, ni bomba la hewa. La kwao limejengwa kwa mawe, la jamaa wa Sinza limefungwa kwa soltepu. Wazo ni lile lile.

Kwa hiyo kabla hatujaendelea, jamaa apewe haki yake. Hakukosea kufikiri.

Tatizo lake kila anayekaa chumba cha juu Dar analijua. Januari na Februari mchana unagonga nyuzi 32, usiku wenyewe hushuka kidogo tu, na unyevu wa bahari unafanya jasho ligome kukauka. Ongeza bati juu ya kichwa. Bati likipigwa na jua tangu asubuhi linageuka kikaango, joto linashuka kwenye silingi, kutoka silingi linakushukia wewe kitandani. Kuta za tofali za saruji nazo zinakunywa joto mchana kutwa, kisha zinalitapika usiku. Ndiyo maana saa sita usiku nje kuna kaupepo, ndani bado mtu analala na taulo lenye maji.

Feni peke yake haipoozi hewa. Inakupoza wewe, kwa kusaidia jasho kukauka. Ukiiacha inazunguka ndani ya chumba kilichofungwa, inakorogea joto lile lile, na mota yake inaongeza kidogo juu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba joto la chumba likivuka nyuzi 40, feni isitumike, maana badala ya kukupoza inakupulizia moto mwilini. Chumba cha chini ya bati kisicho na silingi hakiko mbali na hapo mchana wa Februari.

Hapo ndipo jamaa alipowazidi akili waliomcheka. Alielewa kwamba dawa ni kubadilisha hewa yenyewe. Ila utekelezaji wake una makosa mawili, na la pili si la utani.

La kwanza ni bomba. Feni ya inchi 16 ina uso mkubwa mara 16 kuliko mdomo wa bomba la inchi 4. Feni za kawaida zimetengenezwa kusukuma hewa mahali pa wazi, hazina nguvu ya kuilazimisha ipite kwenye tundu dogo na kona tatu. Anachopata mwisho wa bomba ni pumzi ya mgonjwa. Angetumia bomba la inchi 8, lenye mdomo mara nne ya lile, fupi na lililonyooka, angeona tofauti. Na hewa haiingii kama ile ya zamani haina pa kutokea. Alifunga dirisha akidhani anazuia joto, kumbe kajifungia nalo.

Njia rahisi ni kuanza na kutoa. Jua likishazama na nje kukiwa na nafuu kuliko ndani, feni igeuzwe uso dirishani itupe joto nje, nafasi ya pembeni izibwe kwa boksi ili hewa isirudi, na mlango au dirisha la upande wa pili liachwe wazi. Hewa ya moto hukaa juu, kwa hiyo feni ikiwa juu zaidi ni bora zaidi. Neti ya dirishani nayo ifutwe, maana ikijaa vumbi inaziba kama ukuta.

Wale wa ndoo ya barafu mbele ya feni, kilo moja ya barafu ikiyeyuka inabeba joto lisilofika hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya umeme. Na kama friji iliyogandisha hiyo barafu iko humo humo chumbani, joto lote imeshakurudishia kwa mgongo wake, na nyongeza juu.

Kosa la pili ni pale bomba linapoanzia. Kwenye ile video, chini ya ngazi kuna jiko la mkaa la jirani. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Bomba linalovuta hewa ya ngazi litaivuta na hiyo, liilete mpaka mtoni mwa mtu aliyelala mlango umefungwa. Kati ya komenti zote za kicheko, waliolitaja jiko walihesabika kwa vidole. Hao ndio walikuwa washkaji wa kweli. Mwingine angemwambia kuhusu ile ekstensheni moja iliyobeba feni mbili, friji na pasi, imepitishwa chini ya godoro.

Lakini swali kubwa halijaulizwa na mtu. Kwa nini kijana aliyelipa kodi ya miezi sita mkupuo, akampa dalali mwezi wake, anajenga mtambo ili tu apate usingizi?

Jibu liko juu ya kichwa chake. Chumba kina dirisha moja, silingi iko chini kiasi cha kuigusa kwa mkono, na kati ya silingi na bati hakuna hata tundu la kupumulia. Wazee wa pwani hawakujenga hivyo. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu na ua katikati. Makuti yenyewe, ambayo leo mtu anayadharau, hayamwoki mtu kama bati. Ujuzi upo. Ila kila futi ya urefu na kila dirisha la ziada ni pesa, na mwenye nyumba halali humo.

Ataambiwa afunge AC. Sawa, tupige hesabu. Feni ya wati 60 ikikesha saa kumi inakula uniti 0.6. AC ndogo ya wati 900 ikifanya kazi mfululizo muda huo inakula uniti 9, na hata ikiwa inakata na kuwaka bado ni mzigo. Sasa weka hiyo kwenye LUKU moja ya kuchangia wapangaji wanane, uone kikao cha asubuhi.

Mwenye nyumba angeweza kupaka bati rangi nyeupe linaloakisi jua, kutoboa matundu ya hewa pembeni mwa paa, kuongeza dirisha la pili. Hayo yote hayafikii gharama ya kiwanja kingine. Hafanyi kwa sababu chumba kinapata mtu vile vile.

Na kinapata mtu kwa sababu dalali ana ujanja mmoja. Anakupeleka kuona chumba saa mbili asubuhi, kukiwa na ubaridi, unapiga selfie kibarazani, unalipa. Mwambie unataka kukiona saa tisa alasiri. Ingia, funga mlango, kaa dakika kumi. Hesabu madirisha, gusa silingi. Ukitoka na shati limelowa, hilo ndilo geto lenyewe. Omba punguzo au tembea.

Jamaa wa bomba anahitaji dirisha la pili na mtu wa kumhamishia jiko la jirani. Vicheko ameshapata vya kutosha. Wewe unayekaa juu, chumba chako kina madirisha mangapi?